Zuhura hugeuka kinyume, Uranusi hulala ubavu: nini kilizifika?

*Swali: Assalamu alaykum. Nasomesha sayansi skuli moja hapa Wete, Pemba. Niliwaambia wanafunzi kwamba sayari zote zilitoka katika wingu moja lililokuwa likizunguka, ndiyo maana zote zinalizunguka Jua upande mmoja. Mmoja akaniuliza: kama ni hivyo, mbona Zuhura inajizungusha kinyume, hata jua huko huchomoza magharibi? Darasa likazizima, maana darsani wamesikia kwamba jua kuchomoza magharibi ni alama ya Kiyama. Nilikosa la kusema. Nini kiliigeuza Zuhura, na nitawaonesha vipi bila ya maabara?*

Waalaykum salaam, mwalimu. Ya Kiyama waachie masheikh. Yanayosemwa darsani yanahusu jua kama tunavyoliona sisi duniani, na la Zuhura limekuwa likichomoza huko liliko tangu kabla ya kuwapo mtu wa kulitazama. Mwanafunzi wako amegusa mahali ambapo maelezo ya kawaida yana tundu. Wingu moja liliamua sayari zilizunguke Jua upande gani. Upande wa kujizungusha zenyewe ni jambo jengine: kila sayari iliupata kwa njia yake, na iliweza kuupoteza baadaye. Ukitaka kujua iliupoteza vipi, usitazame upande peke yake, tazama na kasi. Uranusi inajizungusha mbio, saa 17 na dakika 14 kwa mzunguko mmoja. Zuhura inajikokota kwa siku 243 za hapa kwetu. Mbili hizo hazikufikwa na jambo moja.

Tuanze na upande wenyewe, maana hapo ndipo darasa linapopotea. Angani ukisema "kulia" au "kushoto" hujasema kitu mpaka utaje umesimama wapi. Wanaastronomia hutazama kutoka juu, upande wa kaskazini ya Dunia. Kutoka hapo sayari zote nane zinalizunguka Jua kinyume cha mwendo wa mishale ya saa. Watoto wa Pemba wanaujua upande huo: ndio wa mahujaji wanapotufu, Kaaba ikiwa mkono wa kushoto. Jua nalo linajizungusha hivyo hivyo, kwa siku 25 hivi kwenye ikweta yake. Katika sayari nane, sita zinafuata: Utaridi (vitabu vingine huiandika Zebaki), Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali na Neptuni. Zilizokhalifu ni Zuhura na Uranusi.

Sasa chukua chungwa na kijiti cha mshikaki. Kipitishe kijiti katikati, kitokeze juu na chini kwa urefu wa kidole. Huo ndio mhimili. Tia alama ya wino pembeni mwa chungwa, na funga uzi mwekundu kwenye ncha ya juu ya kijiti. Mwanafunzi mmoja asimame juu ya kiti atazame kutoka juu, na asihame hapo mpaka mwisho. Wa pili akishike kijiti wima na kukisokota ili yule wa juu aone alama ikienda kinyume cha saa. Vidole vikiendelea kusokota vilevile, akiinamishe kijiti polepole. Kikiinama nyuzi 23 na nusu, hiyo ni Dunia. Kikilala kabisa na kupita kidogo, nyuzi 98, hiyo ni Uranusi: chungwa linabingirika kama pipa. Aendelee mpaka uzi mwekundu uangalie sakafu, nyuzi 177, na amuulize wa juu anaona nini. Ataona alama inakwenda na saa. Vidole havikubadilisha kitu. Kilichobadilika ni mhimili kukaa kichwa chini.

Zoezi hili huharibika kwa namna mbili. Msokotaji anapofika katikati hubadilisha mkono, na bila ya kujua hubadilisha na upande wa kusokota. Mwambie ashike kwa mikono miwili tangu mwanzo. Au mtazamaji huinama kulifuata chungwa, akapoteza pale pa kutazamia. Likifanyika sawa, watoto watakuwa wameona jambo ambalo watu wazima wengi hawalioni: kusema "Zuhura imepinduka nyuzi 177" na kusema "Zuhura imesimama karibu wima lakini inarudi nyuma" ni kusema kitu kimoja. Ukiiangalia sayari leo huwezi kuzitofautisha kauli hizo. Tofauti ni ya historia: ilipinduliwa, au ilipunguza mwendo mpaka ikasimama kisha ikaanza kurudi?

Kwanza, kwa nini sita zinakubaliana? Miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita wingu la gesi na vumbi lilijikunja kwa uzito wake. Mzunguko mdogo liliokuwa nao ukaongezeka kasi, kama mtoto anayejizungusha akakunja mikono kifuani, na wingu likatandazika mfano wa sinia. Sayari ziliumbika ndani ya sinia hilo, kwa hiyo njia zao zote ziko karibu katika bapa moja na upande mmoja. Hapa vitabu vya skuli huruka hatua: husema "na ndiyo maana zinajizungusha upande huo huo," kama kwamba la pili linafuata la kwanza lenyewe. Halifuati hivyo.

Kwa Mshtarii na Zohali linafuata vizuri kiasi. Mshtarii ina uzito wa Dunia 318, na sehemu kubwa ni gesi iliyoingia kutoka kwenye sinia ikizunguka kama maji yanayoingia tunduni. Kitu kizito hivyo, kilichojazwa na mkondo mmoja, si rahisi kukengeushwa, na mhimili wake umeinama nyuzi 3 tu. Sayari za mwamba zilikua kwa njia ya fujo zaidi: vipande viligongana, vikashikana, vikagongana tena, na mwishoni magimba makubwa machache yakapigana yenyewe kwa yenyewe. Pigo likija katikati ya gimba, haliligeuzi sana. Likija ubavuni linalisokota, kama mlango: usukume karibu na bawaba hauendi, usukume ukingoni unafunguka kwa kidole. Ukiyahesabu mapigo hayo kwa kompyuta, mhimili wa sayari ya mwamba unaweza kuishia kuelekea popote. Dunia imeinama nyuzi 23.4 na Mirihi 25.2, Dunia siku yake saa 24 na Mirihi saa 24 na dakika 40. Watu hudhani pana siri katika kufanana huko, na hamna. Siku ya Dunia ilikuwa fupi zaidi zamani, na inapita tu karibu na ile ya Mirihi. Mwezi wetu wenyewe unaaminika ulitokana na pigo la aina hiyo, gimba la ukubwa wa Mirihi hivi lilipoigonga Dunia changa.

Uranusi basi. Iligunduliwa na mwanaastronomia William Herschel tarehe 13 Machi 1781, na inalizunguka Jua kwa miaka 84. Kwa kuwa imelala, ncha moja hukaa kwenye mwangaza miaka 42 na ncha ya pili gizani, kisha hubadilishana. Chombo cha Voyager 2 kilipopita Januari 1986 kiliikuta ncha ya kusini imeelekea Jua karibu moja kwa moja. Kwa hesabu ya kitabu inatiwa katika kundi la "kinyume" kwa sababu ya nyuzi 7.8 tu zilizozidi 90. Ingelala kidogo pungufu, ingeandikwa na wenzake sita. Mimi naona neno "kinyume" halifai kwake. Imelala, basi.

Nini kiliilaza? Maelezo yanayokubalika zaidi ni pigo: gimba lenye uzito wa Dunia moja mpaka tatu likaigonga ubavuni ilipokuwa changa. Kasi yake inaliunga mkono jambo hili. Pigo linaweza kumwangusha mtu na bado akawa anabingirika. Uranusi ilipoteza msimamo, haikupoteza mbio. Kuna kikwazo kimoja ambacho mwanafunzi makini atakuuliza: mbona miezi yake mikubwa mitano nayo imelala, inaizunguka kwenye ikweta yake, na wala haikubaki katika bapa la zamani? Jibu linalotolewa ni kwamba miezi hiyo iliumbika baada ya pigo, kutokana na uchafu uliokuwa ukiizunguka sayari na kutulia taratibu kwenye ikweta mpya. Wapo wanaosema halikuwa pigo moja bali mawili. Wapo wanaosema hapakuwa na pigo: mwezi mmoja mkubwa ulihama polepole, ukaulaza mhimili kidogo kidogo, kisha ukaangukia sayari. Kesi hiyo haijafungwa.

Zuhura ni hadithi ndefu zaidi, na ndiyo uliyoulizwa.

Kwenye ikweta yake ardhi inasogea kilomita 6.5 kwa saa. Mtu mwenye haraka ya kuwahi Ijumaa anaipita. Pigo la bahati lingeweza kuiacha hivyo, lakini lingehitaji kuja kwa kipimo hasa cha kuufuta mzunguko wa zamani karibu wote. Sayari ikikutwa imekaribia kusimama, kwanza tafuta breki.

Breki tunayo mlangoni. Bamvua la Unguja na Pemba hupandisha na kushusha maji kwa mita 4 hivi, na maji hayo yakisuguana na sakafu ya bahari huila kasi ya Dunia. Mwezi huvuta mvimbo wa maji. Dunia inayojizungusha huusukuma mvimbo huo mbele kidogo ya Mwezi. Mwezi nao huuvuta kwa nyuma. Matokeo ni kwamba siku inarefuka kwa kama milisekunde 2 kila karne, na Mwezi unatutoroka kwa sentimita 3.8 kila mwaka, jambo linalopimwa kwa leza inayoakisiwa na vioo vilivyoachwa juu yake tangu Apollo 11 mwaka 1969. Zuhura haina mwezi. Inavutwa na Jua, na kwa kuwa iko karibu nalo kuliko sisi (kilomita milioni 108 dhidi ya milioni 150), uvutaji wa namna hii kwake ni mara 2.6 ya ule wa Jua kwetu. Mwamba nao huvimba, si maji peke yake. Utaridi, iliyo karibu zaidi, imebanwa na breki hii mpaka inajizungusha mara tatu kamili kwa kila mizunguko miwili ya kulizunguka Jua.

Lakini breki haiwezi kuirudisha gari nyuma. Ukikanyaga breki ya daladala itasimama. Ili irudi lazima utie rivasi. Breki ya Jua peke yake ingeifikisha Zuhura kwenye siku 224.7, sawasawa na mwaka wake, uso mmoja ukiliangalia Jua daima, na ingeiacha hapo. Haikuiacha hapo. Rivasi yake ni hewa.

Hewa ya Zuhura ni nzito kupita kiasi. Chini, mgandamizo wake ni mara 92 ya wetu, karibu yote ni kabonidioksaidi, na joto ni nyuzi 464 za Selsiasi. Jua likiipasha, hewa ya upande wa moto hutanuka na kusambaa, na uzito wake hurundikana kwingine. Mrundikano huo haukai chini ya Jua. Unakaa upande wa asubuhi. Jua huuvuta rundo hilo kama linavyovuta mvimbo wa mwamba, ila kwa kuwa rundo liko upande wa pili, mvuto unasukuma pale breki inapozuia. Kwa hewa nyepesi msukumo huu hauna maana. Kwa hewa ya Zuhura unatosha kuizuia sayari isitulie na uso mmoja kwa Jua, na kuipeleka mbali na hali hiyo, hata mpaka upande wa pili wa sifuri, yaani mpaka ijizungushe kinyume.

Jambo hili si la kuaminiwa kwa maneno tu, kwa sababu hewa yetu inafanya hivyo hivyo kwa udogo, na sehemu za karibu na ikweta ndiko linakoonekana vizuri. Simu nyingi za kisasa zina barometa ndani. Pakua programu yoyote inayoonesha mgandamizo wa hewa, weka simu juu ya meza moja, na uandike namba kila baada ya saa moja kuanzia alfajiri mpaka usiku kwa siku tatu. Utaona namba inapanda mpaka saa nne asubuhi hivi, inashuka mpaka saa kumi alasiri, inapanda tena mpaka saa nne usiku. Tofauti ni hektopaskali (kipimo cha mgandamizo wa hewa) 2 mpaka 3. Usihamishe simu: kupanda ghorofa, mita 8 au 9 tu, kunashusha namba kwa hektopaskali 1, na watoto watapima ngazi za nyumba badala ya anga. Siku za mvua kubwa ziache. Kilele kile cha saa nne asubuhi, saa mbili kabla ya adhuhuri, ndicho mrundikano wa asubuhi tuliousema. Kwetu sisi nao unaisukuma Dunia mbele, lakini kidogo mno mbele ya breki ya Mwezi.

Mwaka 2001 wanaastronomia Alexandre Correia na Jacques Laskar walipiga hesabu za nguvu hizi zote pamoja: breki ya Jua, msukumo wa hewa, msuguano kati ya kiini na mwamba wa sayari, na mtikisiko wa mhimili unaoletwa na mvuto wa sayari nyengine. Waliona kwamba sayari ya mwamba yenye hewa nzito namna ile, hata ianze vipi, mwisho wake ni mojawapo ya hali nne tu, na mianzo mingi inaishia kwenye hali tunayoiona Zuhura leo. Njia za kufikia hapo ni mbili. Ya kwanza, mhimili uliyumba mpaka ukapinduka, kama chungwa lako. Ya pili, mhimili ulisimama wima, kasi ikapungua mpaka sifuri, kisha sayari ikaanza kurudi nyuma. Zote mbili zinatoa Zuhura ile ile. Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza "ilipinduka au ilirudi nyuma?", jibu sahihi ni kwamba zote zinawezekana na alama za njia zimefutika, na kwamba pigo kubwa, ambalo vitabu vingi hulitaja kwanza, si la lazima.

Utaulizwa pia watu walijuaje, maana kwa darubini Zuhura ni mawingu matupu, meupe, bila ya doa la kufuata. Walijua kwa rada. Mwaka 1962 mtambo wa Goldstone, California, ulirusha mawimbi ya redio yakapenya mawingu na kurudi. Ukingo wa sayari unaotujia hurudisha mawimbi yamebanwa kidogo, ukingo unaotukimbia huyarudisha yametanuka, kama sauti ya honi ya pikipiki inavyobadilika inapokupita. Tofauti hiyo ndiyo iliyofichua mwendo wa pole na upande wake. Baadaye chombo cha Magellan kikaichora karibu ardhi yote kwa rada kati ya 1990 na 1994. Vipimo vya rada vilivyotolewa mwaka 2021 vinaonesha wastani wa siku 243.02, na kwamba urefu huo haukai sawa: unacheza kwa kiasi cha dakika 20, kwa sababu ile ile hewa nzito inapeana na kunyang'anyana mwendo na ardhi. Mawingu yenyewe yanaizunguka sayari kwa siku 4 tu, nayo kwa upande huo huo wa kinyume.

Wenye hesabu katika darasa wape hili: kutoka macheo mpaka macheo, siku ya Zuhura ni muda gani? Wengi watajibu 243. Sivyo. Kwa sayari inayojizungusha kinyume unajumlisha mizunguko miwili: 1 gawa kwa 243.02, jumlisha 1 gawa kwa 224.7, kisha geuza jibu. Inatoka siku 116.75. Kwa Dunia, ambayo haikukhalifu, unatoa badala ya kujumlisha: mzunguko wa kweli ni saa 23 dakika 56, na zile dakika 4 zinazopungua ndizo zinazokifanya Kilimia kichomoze mapema zaidi kila usiku. Kosa la kawaida ni kutoa katika zote mbili. Atakayetoa kwa Zuhura atapata siku inayozidi kidogo miaka 8, na hapo ajue ametia alama isiyo yake.

Mkipata darubini ndogo, kuoneni kugeuka kwa Mshtarii, ambayo humaliza mzunguko kwa saa 9 na dakika 55. Kwa nusu saa mistari na madoa yake yamekwishasogea. Darubini nyingi hupindua picha, nyengine huigeuza kama kioo, kwa hiyo usiamini kulia wala kushoto. Iache isimame bila ya kuifuata sayari, na utazame Mshtarii inatorokea ukingo gani: huo ni magharibi. Madoa yake yanahamia upande huo huo. Kwa Zuhura yangehamia upande wa pili, lau kuwa mawingu yake yangetuachia doa la kutazama.